Je, Wajua? Kivuli cha Lwanda Magere na Ukurasa wa Katuni

Je, wajua kuwa ukubwa wa kisanduku cha picha huamua kasi ya msomaji wa katuni? Kisanduku kipana humtuliza; vyembamba vilivyosongamana humkimbiza.

Chukua Lwanda Magere, shujaa wa Kano, nyanda ilipo Awasi. Mikuki ya maadui zake Walang'o inapodunda mwilini mwake, tumia visanduku vidogo vya harakaharaka. Lakini mkuki unapochoma kivuli chake, zilikofichwa nguvu zake, toa ukurasa mzima, tena wa kushoto, ili msomaji asiuone kabla ya kufunua. Ukilibana tukio hilo pembeni, umeua hadithi.

Miaka ya 1980, mchoraji Terry Hirst aligeuza ngano za Kenya kuwa katuni katika mfululizo wa Pichadithi. Wachoraji wa Awasi, endelezeni kazi hiyo.