Betri Ndiyo Gari: Mnunuzi Mgeni na Soko la Magari ya Umeme Afrika Mashariki

Anayeendesha gari la umeme kwa mara ya kwanza mjini Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi hujikuta kwenye Nissan Leaf iliyokwisha kutumika Japani. Sababu kubwa ni usukani. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Japani, na kwa miongo mingi yadi za Mombasa na Dar es Salaam zimeishi kwa meli zinazotoka huko. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, na kwa miaka kadhaa hakukuwa na gari jingine la umeme lililoonekana kwa wingi kama hilo kwenye minada ya Japani. Ikaja Afrika Mashariki kwa njia ileile iliyoleta magari ya Vitz na Fielder. Kigali na Addis Ababa huendesha upande wa kulia, kwa hiyo mgeni wa huko hujaribu gari la namna nyingine. Volkswagen ilipeleka e-Golf zake Kigali Oktoba 2019, nayo Ethiopia, tangu ilipopiga marufuku uingizaji wa magari madogo ya mafuta mwanzoni mwa 2024, hupokea zaidi magari yaliyotengenezwa China.

Jaribio lenyewe huanza kwa kimya. Dereva hukanyaga breki, hubonyeza kitufe cha kuwashia, kengele fupi hulia na taa ya kijani yenye umbo la gari hujitokeza kwenye dashibodi. Hakuna mngurumo wala mtetemo. Dereva aliyezoea kusikiliza injini huenda akadhani gari halijawaka, akabonyeza tena, na hapo ndipo analizima. Mahali pa mkono wa gia pana kirungu kidogo cha mviringo: husogezwa pembeni na kurudishwa nyuma ili gari liende mbele, kisha chenyewe hurejea katikati. Maegesho yana kitufe chake juu ya kirungu hicho. Kwenye gari lililotoka mnadani moja kwa moja, maandishi ya kioo cha katikati huwa ya Kijapani, na sauti ya mwanamke husema jambo ambalo hata muuzaji hawezi kulieleza.

Gari likiondoka, kinachomshangaza mgeni ni mvuto. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha magurudumu tangu linapoanza kujongea, bila kusubiri mizunguko ya injini ipande na bila kubadili gia. Leaf ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2017, ina mota ya kilowati 110, na kwenye taa za barabarani huyaacha nyuma magari mengi ya mafuta ya ukubwa wake. Sauti zilizokuwa zikifunikwa na injini nazo hujitokeza: matairi juu ya lami, upepo kwenye vioo, plastiki ya mlango iliyolegea. Mnunuzi makini huutumia ukimya huo kusikiliza bushi na fani za magurudumu, maana zikiwa mbovu hakuna mlio wa kuzificha.

Jambo la pili ni breki. Mguu ukiondoka kwenye kanyagio la mwendo, mota hugeuka jenereta: hupunguza kasi ya gari na kurudisha umeme kwenye betri. Leaf za kizazi cha pili zina mfumo uitwao e-Pedal, unaoweza kulisimamisha gari kabisa bila breki kuguswa. Mwanzoni abiria hutikiswa mbele na nyuma, kwa sababu dereva huachia kanyagio ghafla kama alivyozoea. Baada ya kilomita chache mguu hujifunza kuachia polepole, na pedi za breki za magari haya hudumu kuliko za magari ya mafuta.

Faida ya mfumo huo huonekana wazi mlimani. Barabara ya kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu huteremka mamia ya mita hadi sakafu ya Bonde la Ufa. Gari la mafuta hushuka huko likinuka breki, lakini gari la umeme hushuka likijichaji. Hesabu ya fizikia haina siri: kuinua gari la tani moja na nusu kwa mita 500 kunahitaji takriban yuniti 2 (kilowati-saa 2) za umeme zaidi ya zile za mwendo wa tambarare, na wakati wa kushuka sehemu tu ya yuniti hizo hurudi. Kwa hiyo anayejaribu gari kwenye mteremko peke yake huona picha nzuri kupita ukweli.

Kipimo cha umbali nacho humdanganya mgeni kwa njia hiyohiyo. Namba ya kilomita zilizobaki ni makisio yanayotokana na uendeshaji wa karibuni. Gari lililozungushwa taratibu yadini, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, huonyesha kilomita nyingi. Likiingia barabara kuu kwa kilomita 100 kwa saa, namba hushuka haraka kuliko kilomita zinazosafiriwa. Hata takwimu za kiwandani zinatofautiana mno. Leaf ya betri ya kilowati-saa 40 ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 400 kwa kipimo cha zamani cha JC08, ilhali wapimaji wa serikali ya Marekani waliipa kilomita 243 hivi. Gari ni lilelile, kilichobadilika ni njia ya kulipima. Kwa barabara za Afrika Mashariki, zenye milima na mwendo wa kusimamasimama, mnunuzi afanye hesabu zake kwa takwimu ya Marekani, kisha apunguze kulingana na umri wa betri.

Umri wa betri ndio kiini cha biashara hii. Injini iliyochoka hujitangaza kwa moshi na kwa kula oili. Betri iliyochoka haitoi moshi: gari huondoka kwa kasi, huenda kimya na humfurahisha mtu kwa robo saa kana kwamba ni jipya. Linachopoteza ni umbali, na safari ya kuzunguka mtaa haiwezi kuonyesha hilo. Leaf ina jambo moja la kuangaliwa zaidi kuliko magari mengi ya umeme yaliyoifuata: betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, mji wa joto kali katika jimbo la Arizona, walilalamika kuwa betri zao zinapungua uwezo mapema, na Nissan baadaye ikaongeza dhamana ya kupungua kwa uwezo. Nairobi, yenye baridi ya nyanda za juu, ni mazingira mazuri kwa betri ya namna hiyo. Mombasa na Dar es Salaam zinahitaji uangalifu zaidi, hasa kwa gari linaloegeshwa juani.

Njia ya kuikagua ipo, na si ngumu. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki. Cha kwanza hupotea uwezo ukishuka hadi karibu asilimia 85, na vinavyofuata huwakilisha asilimia 6 hivi kila kimoja. Gari lenye vijistari 9 limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya safari yake hata likiwa limejaa chaji. Vijistari peke yake havitoshi, kwa kuwa vinaweza kupandishwa kwa muda kwa kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri. Mafundi wanaoijua Leaf huchomeka kifaa kidogo cha Bluetooth chini ya usukani na kufungua programu ya LeafSpy kwenye simu. Hiyo huonyesha hali ya betri kwa asilimia, voltiji ya kila seli na idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa chaja za kasi. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kutoa jibu.

Sheria za forodha nazo hupanga soko kwa namna yake. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo Leaf zinazoshuka bandarini sasa ni za kizazi cha pili, za kilowati-saa 40 au 62, na zile za mwanzo za kilowati-saa 24 zimebaki kuuzwa mkono kwa mkono ndani ya nchi. Marekani ilizipa Leaf hizo za mwanzo kilomita 117 kwa chaji moja zikiwa mpya. Kwa dereva wa mjini mwenye safari fupi bado zinafaa, lakini anayetaka kwenda Nakuru na kurudi siku hiyohiyo atafute nyingine. Tanzania haina katazo la umri kama la Kenya, ila magari yaliyozeeka hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu.

Kuchaji ni somo linaloachwa nje ya jaribio karibu kila mara, ingawa ndilo litakalomkuta mnunuzi kila usiku. Kwenye soketi ya kawaida ya ukutani gari hupata kilowati 2 hivi, na betri ya kilowati-saa 40 iliyoisha huhitaji usiku mzima na sehemu ya mchana. Kwa anayetembea kilomita 50 kwa siku hilo si tatizo, kwa sababu hurudishia yuniti 8 au 10 tu akiwa amelala. Anayeishi ghorofani bila maegesho yenye soketi yake ana shida ya kweli, na hakuna muuzaji awezaye kumtatulia. Waya za nyumba pia zikaguliwe, maana soketi iliyofungwa vibaya huvumilia pasi kwa dakika 10 lakini haivumilii gari kwa saa 10. Swali la stima kukatika huulizwa na kila mgeni. Jibu lake ni kwamba gari lenye nusu chaji huvumilia giza la siku moja au mbili za safari za mjini.

Chaja za kasi zina mgogoro wa plagi. Leaf hutumia CHAdeMO, kiwango cha Kijapani, na kwenye chaja ya kilowati 50 hufika asilimia 80 kwa dakika 40 hivi. Magari mapya yanayoletwa rasmi sasa, kama BYD Atto 3, hutumia CCS2 ya Ulaya, na yale yanayoagizwa na watu binafsi kutoka China huwa na plagi ya kule, GB/T. Mwekezaji wa kituo huchagua plagi itakayokuwa na wateja wengi kesho. CHAdeMO haielekei kuwa hiyo, na mnunuzi wa Leaf ahesabu kuchaji nyumbani kuwa ndiko tegemeo lake.

Upande wa gharama ndio unaowashawishi wengi. Mwaka 2023 Kenya iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 kwa saa za usiku ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo haitumiki kwenye mita ya kawaida ya nyumbani, ambako yuniti hufika karibu shilingi 30 pamoja na tozo. Gari linalotumia yuniti 15 kwa kilomita 100 hula basi shilingi 450 hivi nyumbani. Gari la mafuta linalokunywa lita 7 kwa umbali huo, kwa petroli ya zaidi ya shilingi 175 kwa lita iliyouzwa Nairobi mwaka 2024, hula zaidi ya shilingi 1,200. Hakuna oili ya kumwaga, plagi za kubadilisha wala mkanda wa injini.

Faida hiyo ya kila kilomita ndiyo iliyozivuta kampuni za usafiri kabla ya wenye magari binafsi. Nopea Ride, ya wawekezaji wa Finland, iliendesha teksi za Leaf Nairobi kuanzia 2018 hadi ilipofunga mwishoni mwa 2022. BasiGo iliingia barabarani mwaka huo wa 2022 kwa mabasi ya BYD, ikatenganisha betri na bei ya basi: mwenye matatu hununua basi kwa bei ya chini, kisha hulipia betri, chaji na matengenezo kwa kila kilomita. Betri ikichoka, mzigo ni wa kampuni. Mnunuzi wa Leaf ya mtumba hana mpango kama huo. Dhamana ya Japani haimfuati, na uchakavu wote ni wake. Kwa hiyo anayeagiza moja kwa moja aombe, kabla ya kulipa, picha ya dashibodi yenye vijistari vyote ikiwa imewashwa, pamoja na karatasi ya ukaguzi wa mnada. Anayenunua yadini aombe gari likiwa limejaa chaji, aende nalo njia atakayoitumia kila siku, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na alinganishe asilimia zilizotumika na kilomita alizotembea.