Mistari Kwenye Picha za Bidhaa: Kabla Hujamlaumu Aliyekuuzia Kamera, Angalia Shata

Leo nawaletea somo lililonitoa oda ya shilingi 300,000 na nusura linigombanishe na mtu asiye na kosa. Ni la wale mnaopiga picha za bidhaa kwa kamera, na wanaojichanga kununua. Hata kama unatumia simu, soma, kuna sehemu itakuhusu.

Mimi nauza vitambaa vya sare mtandaoni. Niliishia kidato cha nne, mambo ya kamera nimejifunza kwa kubonyeza bonyeza na kuangalia video. Nilianza na simu, halafu nikanunua kamera iliyotumika kwa kaka mmoja. Ni zile kamera zisizo na kioo ndani, wapiga picha wanaziita mirolesi.

Mchana nipo kwenye kuchukua mzigo na kupeleka vifurushi, kwa hiyo picha napiga usiku. Nakaa chumba na sebule na dada yangu, na mtoto wake analala hapo hapo. Kamera ilikuwa inalia "cha! cha!" kila nikibonyeza, mtoto anashtuka. Nikaingia kwenye menyu, nikaona sehemu ya kuifanya iwe kimya. Nikaiwasha. Mtoto akalala, mimi nikapiga picha zangu. Nikasahau kabisa kama nimegusa kitu.

Basi bwana, nikaweka picha za krepu ya kijani. Kitambaa cha rangi moja tu. Mteja wa Dodoma akapenda, akaagiza mita 30 za sare ya sendofu, akalipa yote. Nikafunga mzigo, nikaupeleka kwenye basi. Kesho yake simu inaita.

"Mdogo wangu, mbona umeniletea kitambaa kingine? Mimi nilitaka kile chenye mistari."

Nikamwambia, "Dada, mimi sina krepu ya mistari."

Akanitumia picha yangu mwenyewe. Nikaifungua vizuri, nikaikuza. Kumbe kweli! Kuna mikanda mipana, mmoja umekolea, mmoja umefifia, kama kitambaa kimefumwa hivyo. Mimi kwa haraka zangu sikuiona, na yeye ndiyo aliyoipendea. Nikamrudishia hela yake, nikalipia na mzigo kurudi.

Hasira zote nikampelekea kaka aliyeniuzia kamera. Nilimtumia meseji ambazo leo naona aibu kuzisoma. Nilimwita tapeli, nikataka hela yangu. Alinijibu kwa upole, "Dada, ilete niione." Nikaenda. Akaiwasha, akaingia kwenye menyu, akaniuliza, "Hii ya kimya nani kaiweka?"

Nikanyamaza. Ni mimi.

Sasa nikueleze alichonieleza, pamoja na nilichojaribu mwenyewe baadaye.

SHATA NI NINI?

Shata ndiyo inayoamua mwanga uingie kwa muda gani. Kamera nyingi za mirolesi zina aina mbili, na wewe ndiye unayechagua.

Ya kwanza ni ya mitambo. Ndani kuna mapazia mawili membamba mbele ya sensa. Moja linafungua, la pili linafuata kufunga. Ule mlio unaousikia ni hayo mapazia. Mimi naiita shata ya pazia.

Ya pili ni ya kielektroniki. Hakuna kinachotembea. Sensa yenyewe inasoma picha mstari kwa mstari, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Haina mlio. Mimi naiita shata ya kimya.

Tatizo la shata ya kimya liko hapo kwenye kusoma mstari kwa mstari. Pazia linapita mbele ya sensa kwa muda kama wa 1/200 ya sekunde. Lakini kamera nyingi za bei zetu zikisoma kwa kimya zinachukua muda mrefu zaidi, mfano 1/25 ya sekunde. Kwetu ni kufumba na kufumbua, ila kwa taa ni muda mrefu.

TAA ZETU ZINAPEPESA

Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50, na Kenya na Uganda vilevile. Taa nyingi za LED za bei nafuu zinazochomekwa ukutani zinapanda na kushuka mwanga mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona.

Piga hesabu. Sensa ikichukua 1/25 ya sekunde kusoma picha nzima, ndani ya muda huo taa imepanda na kushuka mara 4. Kwa hiyo ukipiga kwa spidi kubwa, tuseme 1/250, mistari ya sensa iliyosomwa wakati taa imepanda inatoka angavu, na iliyosomwa wakati imeshuka inatoka giza. Unapata mikanda 4 kwenye picha. Hiyo ndiyo "mistari" aliyoipenda dada wa Dodoma.

JINSI YA KUJUA KAMA NI TAA AU NI KITAMBAA

Hii haihitaji utaalamu. Piga picha kamera ikiwa imelala, halafu isimamishe upige tena. Mistari ya kitambaa inabaki pale pale kwenye kitambaa. Mistari ya taa inageuka pamoja na kamera. Ukiona imegeuka, usimpigie simu aliyekuuzia kamera kama nilivyofanya mimi.

SASA UCHAGUE IPI?

1. Unapiga usiku kwa taa za ndani: tumia shata ya pazia. Mistari inapungua sana au inaisha. Ila usikimbilie spidi kubwa, maana hata pazia ukifika 1/500 au 1/1000 linaweza kuonyesha upande mmoja mweusi kidogo, au picha moja iwe angavu na inayofuata iwe na giza.

2. Unataka kimya chini ya taa: weka spidi 1/100 au 1/50. Hapo kila mstari wa sensa unapata mzunguko kamili wa taa, kupanda na kushuka, kwa hiyo wote wanatoka sawa. Hii ndiyo iliyoniokoa mimi na usingizi wa mtoto. Weka kamera kwenye modi ya S, kwenye Canon imeandikwa Tv, ili spidi isijibadilishe yenyewe. Kamera iwe kwenye stendi, na tumia taima ya sekunde 2 ili mkono usitikise.

Angalizo: video nyingi za Wamarekani zinasema weka 1/60. Wao umeme wao ni wa hezi 60, kwao ni sahihi. Hapa kwetu 1/60 inaweza kukuachia mistari hafifu. Sisi ni 1/50 au 1/100.

3. Unapiga mchana dirishani: shata ya kimya haina shida, jua halipepesi. Tena kwa vitu vidogo kama hereni na pete inasaidia, kwa sababu hakuna pazia la kutikisa kamera. Ila zima taa za ndani kwanza, usichanganye.

4. Kitu kinatembea: tumia pazia. Modo akizungusha gauni, au kitambaa kikipeperushwa na feni, shata ya kimya inaweza kukikunja. Wakati inasoma upande wa mwisho, kitu kimeshahama. Mstari ulionyooka unatoka umelala, mteja anadhani mshono umepinda.

5. Unatumia flashi: tumia pazia. Kwenye kamera nyingi flashi haiwaki ukiwa kwenye kimya. Usiirudishe dukani kabla hujaangalia hapo.

6. Unarekodi video: hapo kamera inasoma kwa sensa, pazia halifanyi kazi. Kwa hiyo chini ya taa weka 1/50. Na wewe wa simu, simu nazo zinasoma hivyo hivyo. Kama programu yako ya kamera ina sehemu ya kuchagua spidi, weka 1/50 au 1/100.

Kuna na aina ya katikati: mwanzo ni wa kielektroniki, mwisho unafungwa na pazia. Mlio unapungua, flashi inafanya kazi, na kwa spidi za kawaida haina shida ya mistari. Kama kamera yako inayo, ni nzuri kwa kazi za kila siku.

TAA ZENYE KITUFE CHA KUPUNGUZA MWANGA

Zile taa za duara, baadhi yake ukizipunguza mwanga zinaanza kupepesa kwa mwendo wake, hazifuati umeme wa ukutani. Hata 1/50 inaweza isisaidie. Iwashe mpaka mwisho, kama inaumiza macho isogeze mbali au ielekeze ukutani. Jenereta nayo inaweza kwenda nje kidogo ya hezi 50, kwa hiyo piga picha ya majaribio kwanza.

"LAKINI PAZIA SI LINAKUFA?"

Hata mimi niliogopa hilo. Pazia kweli linachoka. Watengenezaji wengi wanalipima kwa picha 100,000 au 200,000. Tupige hesabu ya muuzaji mdogo: bidhaa 10 kwa siku, picha 8 kila moja, ni picha 80. Kwa siku 300 za kazi ni 24,000 kwa mwaka. Kufika 100,000 ni kama miaka 4. Mikanda kwenye picha inakupa hasara leo. Usilinde pazia ukampoteza mteja. Ila ukinunua kamera iliyotumika, muulize muuzaji imeshapiga picha ngapi.

Na kabla hujanunua, hakikisha pazia lipo. Sony ZV-E10 ya kwanza inalo, ZV-E10 II haina, ni ya kielektroniki tu. Nikon Z9 iliyotoka mwaka 2021 nayo haina, lakini sensa yake inasoma haraka sana na bei yake siyo yetu sisi.

UFANYE NINI LEO

Fungua menyu ya kamera yako, tafuta palipoandikwa Shutter Type au Silent. Jua uko wapi. Halafu chukua kitambaa au karatasi ya rangi moja, piga chini ya taa zako kwa kimya 1/250, kimya 1/100, na pazia 1/100. Zikuze uzifananishe kabla hujapandisha tangazo lolote.

Mimi sasa naweka pazia mchana kutwa. Usiku mtoto akilala nahamia kimya, 1/50, stendi. Na sipandishi picha kabla sijaikuza.

Yule dada wa Dodoma nilimtumia picha mpya, nikamweleza kilichotokea. Alinielewa, ila sare alishaipata kwingine. Krepu ya kijani niliiuza mita tatu tatu, ikachukua miezi miwili kuisha.

Kaka wa kamera nilimfuata na soda mkononi, nikamwomba msamaha mbele ya mwenzake wa dukani, maana na yeye alizisoma zile meseji. Akacheka, akasema siyo mimi wa kwanza.

Wewe je, umewahi kupata mistari kwenye picha ukadhani kamera mbovu? Jaribu usiku wa leo, utuambie umeona nini.