Farasi Aliyeinama Mbele Hainuliwi kwa Hatamu

Msimamishe farasi mahali tambarare, miguu yote minne ikiwa wima, kisha umtazame kutoka ubavuni. Linganisha kilele cha mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, na kilele cha kiuno. Kwa farasi wengine vilele hivyo viko sawa, wengine mabega yamepanda, na wengine kiuno kiko juu hata mgongo unateremka kuelekea kichwani. Huyu wa mwisho ndiye ambaye wanunuzi wengi humkwepa, na wanaomchukua mara nyingi humfundisha kwa njia ya kumwumiza: humvuta kichwa kiende juu, wakiamini kwamba kichwa kikipanda, mbele yote itapanda. Mimi nashikilia kwamba mteremko huo haumalizi mambo. Sehemu kubwa ya namna farasi anavyoubeba mwili wake iko kwenye misuli, na misuli hujengeka, ila hujengeka polepole, na mkono wa mpandaji una kazi ndogo sana katika ujenzi huo.

Farasi yeyote, hata mwenye umbo la kupendeza kuliko wote, hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele anaposimama. Mwenye kilo 500 ana kama kilo 300 mbele na 200 nyuma, kabla mtu hajapanda. Kiuno kikiwa juu, mzigo wa mbele huelekea kuzidi, na mpandaji huona dalili mapema: farasi anaegemea lijamu, anajikwaa, anaongeza mwendo pale anapotakiwa kupunguza. Kano na kwato za mbele ndizo zinazoumia. Lakini kuna jambo moja la maumbile linalobadili hesabu hii. Farasi hana mtulinga. Mfupa wa bega lake haukuungwa na kiunzi cha mwili kwa kiungo chochote cha mfupa. Kifua kimening'inizwa kati ya miguu ya mbele kwa misuli na nyama ngumu zinazoishikilia, kama mgonjwa aliyelazwa katika machela kati ya wachukuzi wawili. Misuli hiyo ikilegea, kifua huzama na kilele cha mabega hushuka nacho. Ikipata nguvu, kifua huinuka. Utafiti wa Hilary Clayton, daktari wa wanyama aliyechunguza mwendo wa farasi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani, umeonyesha kwamba miguu ya mbele hufanya kazi kubwa ya kuusukuma mwili juu farasi anapojibeba vizuri. Kwa hiyo wanaohimiza nguvu za nyuma peke yake wamesema nusu ya habari.

Atatokea wa kusema kwamba mifupa haibadiliki, na hapo amesema kweli. Kiuno chenye mifupa mirefu hakifupishwi na mazoezi, na farasi ambaye miguu yake ya nyuma imenyooka mno, haina pembe za kukunjika, atapata taabu kushusha kiuno chake hata afundishwe na nani. Ila jicho linaweza kudanganya. Farasi mchanga hukua kwa zamu, leo nyuma, kesho mbele, na mifupa ya mgongo hukamilika akiwa na miaka kati ya mitano na sita. Wa miaka mitatu aliyepanda kiuno huenda ni mtoto tu anayeendelea kukua. Isitoshe, umbo hupimwa kwa kazi. Quarter Horse wa Marekani, ambaye chama chake kiliundwa Fort Worth, Texas, mwaka 1940, alipata jina kwa mbio za robo maili, yaani kama mita 400, na wengi wa aina hiyo wana kiuno cha juu chenye nguvu. Anapomzuia ng'ombe asirudi kundini, ule wepesi wa kuinama mbele humfaa. Taabu huja anapotakiwa kuruka viunzi au kucheza mwendo wa madaha uwanjani, na hapo ndipo mafunzo yanahitajika zaidi.

Kwa nini basi asivutwe kichwa? Kwa sababu shingo ikiinuliwa kwa nguvu, mgongo huzama nyuma yake, na miguu ya nyuma, badala ya kuingia chini ya tumbo, hubaki ikiburuta. Kinachoonekana ni farasi aliyenyanyua uso. Uzito umebaki pale pale, na sasa ana maumivu mdomoni na mgongoni. Njia bora ina umri mrefu. Mwaka 1733 Mfaransa François Robichon de la Guérinière alichapisha kitabu chake juu ya upandaji farasi, na ndani yake alilipa heshima kubwa zoezi ambalo farasi hutembea kando ya ukuta huku mabega yake yameletwa ndani kidogo. Mguu wa nyuma ulio upande wa ndani hulazimika kukanyaga mbele, chini ya uzito, na kukunjika, wakati mabega yanapata nafasi ya kusogea. Kwa farasi wa mteremko sijui zoezi lenye faida kuliko hili, mradi lianzwe kwa hatua za kawaida, dakika chache kila upande. Halafu kuna kubadili mwendo mara kwa mara: kusimama, kutembea, mbio ndogo, kutembea tena. Kila badiliko ni kipindi kifupi cha kubeba uzito nyuma. Kupanda mlima kwa kutembea hujenga msukumo. Kuushuka taratibu hufundisha breki, na kwa farasi huyu kushuka ndiko kugumu zaidi, basi mteremko wa kwanza uwe mdogo. Kuvuka magogo yaliyoinuliwa kidogo kutoka ardhini humfanya ainue kifua bila kuguswa hatamu. Shoti ndefu ingoje.

Wapo pia wanaopinga zoezi la kumwachia anyooshe shingo chini, wakidai kwamba linaongeza uzito mbele. Hofu yao ina msingi endapo farasi ataenda hivyo saa nzima, akikimbia huku uzito wote uko mbele. Lakini kwa muda mfupi, baada ya kazi ngumu, kunyoosha hulegeza mgongo, na mgongo uliokakamaa hauwezi kujibeba. Mwalimu mzuri hutumia hali zote mbili, kujibeba na kunyoosha, na hupumzisha kabla misuli haijachoka. Farasi aliyechoka hurudi kuegemea lijamu, na zoezi lote linageuka kufundisha ubaya uleule.

Tandiko nalo husahaulika. Kwa farasi wa mteremko huteleza mbele, likabana mabega na kumwinamisha mpandaji, naye akaongeza kilo zake mahali pabaya. Kulijazia kitambaa kinene mbele bila fundi huweza kubana zaidi. Kwato pia husahaulika: za mbele zikiachwa zirefuke nchani, kano huvutwa kila hatua. Na misuli ya mabega ikianza kujaa, baada ya miezi ya kazi, mgongo hubadilika umbo chini ya tandiko. Tandiko lililomkaa vizuri mwanzoni mwa mafunzo linaweza kumchubua, kwa hiyo fundi aitwe tena kulipima.