KINYAGO CHA TEMBO NA JICHO LA ASKARI

Ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, zamani mchonga vinyago alingoja mgeni apite mbele ya kibanda chake. Leo fundi wa Bujumbura mwenye simu na intaneti aweza kufungua duka dogo lisilo na mlango, akamwuzia twiga, kiboko au tembo wa mti mkusanyaji wa vinyago aliyeko Nairobi au Brussels. Kazi hiyo ni halali na yastahili heshima. Lakini kila kifurushi kitokacho nchini hukaguliwa, na hapo ndipo sisi watu wa ulinzi tunapohusika.

Ufundi huu haukuwa mbali na jeshi tangu hapo. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu nchini Kenya, alitumikia jeshi la Waingereza huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Huko alijifunza kuchonga kwa mafundi wenyeji, na aliporejea nyumbani akaanzisha kazi iliyokuja kulisha jamaa nyingi. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika mjini Mombasa.

Kwa upande wetu, Bujumbura ina kumbukumbu nyingine iliyo chungu. Katika miaka ya 1980 mji huu ulijulikana duniani kuwa njia kuu ya pembe za ndovu, ingawa nchi yetu haikuwa na makundi ya tembo. Pembe zilitoka nchi nyingine za Afrika, zikapita hapa kwenda ng'ambo. Mwaka 1988 Burundi ilijiunga na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka 1989 nchi wanachama zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe baina ya mataifa, nayo amri ikaanza kutumika Januari 1990. Soko la mtandaoni la eBay nalo lilikataza karibu bidhaa zote za pembe tangu Januari 2009.

Kwa hiyo tembo wawili wadogo, walio sawa kwa umbo, waweza kuwa mmoja riziki na mwingine hatia. Askari atawatambuaje?

Asitegemee uzito peke yake. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na walanguzi wengine huipaka pembe rangi ifanane na mti. Yampasa akigeuze kinyago na kutazama kitako chake, mahali palipokatwa. Mti huonyesha nyuzi zake. Pembe ya ndovu huonyesha mistari myembamba inayopishana kama wavu. Mfupa huwa na vitundu au vidoa vidogo vyeusi. Plastiki mara nyingi huwa na alama ya kalibu. Akiwa na shaka, akiweke kitu hicho salama, aandike hati, amwite mtaalamu. Asikichome kwa sindano ya moto, maana huenda akaharibu mali ya mtu asiye na kosa.

Mpingo nao uliingizwa katika orodha ya CITES mwaka 2017. Hata hivyo, tangu mwisho wa mwaka 2019, vitu vilivyokwisha kuchongwa visivyozidi kilo 10 kwa shehena moja havihitaji kibali cha mkataba huo. Asiyelijua hilo aweza kumzuia bure fundi mnyonge.

Mwuzaji naye ana wajibu wake. Mnunuzi wa mbali hawezi kukishika kitu. Ana maneno na picha tu. Basi na aandike jina la mti, vipimo, uzito na bei pamoja na gharama za posta, tena apige picha ya kitako. Picha hiyo humtuliza mnunuzi, na humrahisishia askari kazi.

Ndugu askari, anayeachia pembe kwa hongo huua tembo asiyemwona. Anayemsumbua mchongaji wa haki hufunga duka la raia tuliyeapa kumlinda. Tusiwe mmojawapo. Tukague kwa ujuzi, na tuhukumu kwa ushahidi.