Unataka Kibanda cha Tiketi chenye Projekta? Anza na Kivuli

Saa 10 jioni, foleni nje ya ukumbi wa burudani ndo inaanza kurefuka. Kibanda cha tiketi kimefungwa projekta mpya, lakini jua linawaka na ukutani hakionekani kitu. Kila mteja anauliza bei dirishani, foleni haisogei, wengine wanaondoka zao.

Mara nyingi projekta si mbovu. Ni suala la hesabu tu. Projekta haina uwezo wa kutoa weusi, inaongeza mwanga juu ya mwanga uliopo. Nguvu yake hupimwa kwa lumeni. Ya lumeni 4,000 ikitoa picha ya mita 2 kwa mita 1, kila mita ya mraba inapata lumeni 2,000. Jua kali la mchana linaweza kumwaga hadi 100,000 hapohapo. Yaani linaizidi mara 50!

Kwa hiyo kabla ya kununua mashine ya bei mbaya, ongeza paa mbele ya kibanda. Kama mnauza tiketi jioni, ukuta wa picha usitazame magharibi.

Mambo mengine ya kuzingatia:

Vichwa vya watu: Projekta ikikaa nyuma ya foleni, vivuli vya wateja vitaziba picha. Tafuta ile ya kurusha karibu, ifungwe juu ya dirisha. Zipo zinazotoa picha ya upana wa mita 2 zikiwa nusu mita tu kutoka ukutani. Au irushie picha kwa ndani, kwenye kioo chenye ukungu. Hapo kumbuka kuigeuza kwenye mipangilio, la sivyo maandishi yatasomeka kinyumenyume.

Herufi: Kwa makadirio, kila mita 3 za umbali zinataka herufi ya sentimita 2.5. Foleni ikifika mita 12, bei iandikwe kwa herufi za sentimita 10.

Joto na vumbi: Kibanda kidogo kilichofungwa huchemka haraka. Acha matundu ya hewa na safisha chujio mara kwa mara.

Umeme: Ukikatika, bei isipotee nayo. Bandika ubao wa kawaida pembeni ya dirisha.

Na usinunue kwa kuangalia picha dukani, kwenye kivuli. Kodi projekta siku moja, iwashe saa ileile mnayofungua dirisha, kisha kasimame mwisho wa foleni. Ukishindwa kusoma bei, na mteja hataisoma.