Mbwa Atetemekapo

Katika nyumba nyingi za Sotik mbwa ni mlinzi wa zizi. Hulala nje, hula makombo, wala hapana anayemtazama sana mpaka asubuhi ile atakapoonekana anatetemeka mwili mzima. Hapo majirani hukusanyika. Mmoja husema ni kichaa, auawe. Mwingine husema ni baridi tu, aachwe. Huenda wote wawili wamekosea.

Kutetemeka si ugonjwa wenyewe, bali ni dalili. Baridi ya alfajiri katika nchi ya chai yaweza kumtetemesha mbwa aliyelowa, na ngurumo za radi zaweza kumtetemesha kwa hofu. Huyo akikaushwa na kuwekwa penye joto, au radi zikikoma, hutulia. Asipotulia, yampasa mwenyewe ajiulize: amekula nini, amepakwa nini, amezaa lini?

Swali hili la mwisho husahauliwa mara nyingi. Wafugaji wa Sotik waijua vema homa ya maziwa, imwangushayo ng'ombe siku chache baada ya kuzaa. Mbwa jike naye hupatwa na upungufu huo huo wa madini ya kalsiamu, kwa kuwa madini hayo huingia katika maziwa upesi kuliko mwili uwezavyo kuyarudisha. Kwake huja zaidi katika majuma manne ya kwanza ya kunyonyesha, hasa akiwa mdogo wa mwili mwenye watoto wengi. Kwanza huhangaika, huhema, hutembea kwa miguu iliyokakamaa. Kisha hutetemeka na kuanguka. Ng'ombe mwenye homa hiyo huwa baridi masikioni, lakini mbwa mwili wake huwaka moto. Watoto waondolewe mara moja, na daktari wa mifugo aitwe pasipo kungoja kesho, kwani mbwa aweza kufa kwa muda wa saa chache. Akitiwa kalsiamu polepole mshipani, mara nyingi kutetemeka hukoma baada ya muda mfupi tu. Lakini mtu asijaribu kumdunga mwenyewe kwa dawa ya ng'ombe: kalsiamu ikiingia kwa haraka yaweza kuusimamisha moyo.

Jambo jingine ni sumu. Wako watu ambao, wakibakiwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe, humpaka mbwa ili kuua kupe. Baadhi ya dawa hizo hudhuru mishipa ya fahamu: mate na machozi humtiririka mbwa, mboni za macho huwa ndogo, na misuli huchezacheza. Maziwa, ambayo wengi hukimbilia kumnywesha, hayaondoi sumu hiyo. Kama dawa imo katika manyoya, aoshwe kwa maji na sabuni, na mwoshaji avae glavu; kisha apelekwe kwa daktari pamoja na chupa yenyewe ili ijulikane ni dawa gani.

Kupe nao huleta homa. Mbwa hukataa chakula, ufizi huwa mweupe, na mkojo huwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Huyo naye ni wa daktari.

Na kichaa je? Kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza katika mwaka wa 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, na hakijatoka. Dalili yake kubwa ni kubadilika tabia: mpole huwa mkali, mkali huwa mnyonge, sauti hugeuka, taya hulegea, kumeza humshinda. Wengine hudhani mfupa umemkwama, wakatia mkono kinywani. Hapana kosa baya kuliko hilo. Mbwa kama huyu afungiwe peke yake, ikiwezekana bila kumshika, na ofisi ya mifugo iarifiwe. Mtu aliyeumwa, au ambaye mate yake yameingia katika jeraha, aoshe mahali hapo kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa, kwani dalili zikisha kumtokea mtu, karibu hapana anayepona.

Mbwa naye huchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Cheti chake kitunzwe pamoja na karatasi nyingine za nyumbani, kwa maana daktari atakiulizia kabla ya yote siku mbwa atakapotetemeka.