Meza ya Marumaru Si ya Wageni Peke Yao



Siku ya posho iliyopita, kikundi chetu kilikutana nyumbani kwa mama mmoja, mwenzetu wa likelemba. Zamu yake ilipofika mwaka jana, aliongeza faida ya biashara yake ya vikwembe, akanunua kitu alichokitamani tangu ndoa yake: meza ya kulia ya marumaru, ile ambayo wengi wetu tunaita marbre, pamoja na viti sita. Ilitoka Kampala, ikapitia Mahagi juu ya lori, na vijana wanne wakatoa jasho kuiingiza ndani. Ni nyeupe, yenye mishipa ya kijivu kama mito kwenye ramani.

Tulikuta meza imefunikwa plastiki, na juu ya plastiki kuna kitambaa. Sisi tukaketi kuizunguka. Watoto wa nyumba walikuwa jikoni, wanakula ugali na sombe juu ya mkeka. Mmoja wetu akauliza, "Mama, watoto hawali hapa?" Akajibu, "Hapana, wataiharibu." Akafunua kona moja, akatuonyesha duara lililofifia, ukubwa wa kitako cha kikombe. Lilikuwa la juisi ya maracuja ya mtoto wake wa pili. Siku ile mtoto alichapwa, na tangu hapo hakuna mtoto aliyeketi kwenye viti vile.

Tuliongea mpaka jioni. Tuliyoyasema tunayaandika hapa, kwa sababu meza za namna hii zinaongezeka mjini kwetu, na watoto wanaofukuzwa mezani nao wanaongezeka.

Jiwe linaloogopa ndimu

Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na uzito wa ardhi kwa muda mrefu sana. Jirani zetu wa Uganda wanalichimba kule Moroto, Karamoja. Ndani yake kuna kitu kilekile kinachofanya ganda la yai.

Ukitaka kuielewa meza yako, weka yai bichi ndani ya glasi ya siki, uliache mpaka kesho. Utaona mapovu madogo yanapanda, kisha ganda linalainika na kuyeyuka. Hivyo ndivyo ndimu, siki, tomati, nanasi, maracuja na soda zinavyoifanyia meza, ila kidogo kidogo. Alama inayobaki si uchafu. Ni ngozi ya jiwe iliyoliwa. Hakuna sabuni inayoitoa, na ukisugua kwa nguvu unaikuza. Fundi wa mawe peke yake anaweza kuisugua upya mpaka ing'ae.

Kwa hiyo mtoto yule hakuwa na kosa kubwa. Hakuna aliyemwambia, na kikombe kilikaa pale usiku mzima. Kingepanguswa mara moja, pengine tusingekuwa na la kuongea.

Plastiki nayo si mlinzi mzuri. Juisi ikipenya chini yake haionekani, inalala na jiwe mpaka asubuhi. Tena vumbi letu la Bunia la wakati wa jua lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko marumaru. Ukinaswa chini ya plastiki, kila mkono unaoegemea juu unausugua.

Kazi ya kila siku

Asubuhi, au kabla ya chakula, pangusa vumbi kwa kitambaa laini kilicho kikavu. Wafundishe watoto kuinua sahani, wasiiburute.

Kila mtu awe na mkeka wake mdogo chini ya sahani na kitu chini ya kikombe. Sufuria inayotoka kwenye jiko la makala isiguse jiwe kabisa. Iwekee kibao cha mbao. Moto wa ghafula unaweza kupasua jiwe, na masizi yanalichafua.

Kitu kikimwagika, kigandamize kwa kitambaa kwanza, usikitandaze. Kisha pangusa kwa maji, ukaushe. Mtoto wa miaka sita anaweza kuifanya kazi hii vizuri, kama kitambaa kinakaa karibu naye na kama haogopi kusema, "Mama, nimemwaga." Mtoto anayeogopa fimbo hafuti, anaficha.

Jioni, maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji yanatosha. Suuza, kausha. Usitumie siki, ndimu, javeli, majivu, mchanga wala nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Yanayosafisha sufuria zetu yanaikwaruza meza hii.

Mawese yana hatari yake. Hayali jiwe, yanazama ndani na kuacha doa la rangi. Koroga bikarbonati na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, paka juu ya doa, funika kwa sashe, acha siku moja, kisha futa. Rudia mara mbili au tatu. Duka likikuuzia dawa ya kuziba jiwe, ujue inapunguza kasi ya mafuta kuzama, lakini haizuii ndimu.

Uzito na miguu

Kioo cha marumaru cha urefu wa mita 1,60, upana wa sentimita 90 na unene wa sentimita 2 kina uzito wa karibu kilo 80. Kabla ya kulipa, itikise meza na uiangalie miguu yake. Usimruhusu mtoto kupanda au kukalia ukingo. Siku ya kuhama, kifungue na mkibebe kikiwa kimesimama kwa ubavu, kwa sababu kikilala kinaweza kuvunjika kwa uzito wake chenyewe.

Angalia pia kama ni marumaru kweli. Ya kweli ni baridi mkononi, na mishipa yake inaendelea mpaka kwenye ukingo. Nyingine ni kioo au mbao zilizobandikwa karatasi yenye picha ya jiwe. Hizo zina matunzo yake.

Kuipamba

Vipande vya kikwembe vilivyobaki baada ya kushona nguo za tarehe 8 mwezi wa tatu vinafaa sana. Unganisha utepe mrefu wa kupita katikati ya meza, na vipande vidogo vya chini ya sahani. Vinafuliwa, vinanyoshwa, havikugharimu kitu. Katikati weka kikapu cha matunda au maua ndani ya chombo cha udongo, juu ya kisahani. Usitumie mkebe wa chuma, kutu yake inaingia ndani ya jiwe. Zaidi ya hapo, acha jiwe lionekane. Ndilo ulilolipia.

Meza na wanaoketi

Wengi wetu tuna meza za libuyu, na wengine tunakula mkekani. Neno letu ni moja kwa wote. Wale tuliokimbia Bunia mwaka 2003 tunakumbuka tulichobeba: watoto, godoro, sufuria. Hakuna aliyebeba meza. Tuliporudi, wengi hatukuikuta. Lakini watoto waliozoea kula pamoja na sisi waliendelea kula pamoja, hata kwenye nyumba za watu.

Mwenzetu yule alitoa plastiki siku ya yenga. Juma hili alituambia watoto wamekula mezani siku nne, na alama mpya ni moja, ndogo, ya tomati. Mtoto wa pili alikataa viti vingine vyote. Ameketi mbele ya duara lake, na kitambaa cha kupangusia kinakaa kwenye goti lake.

Mkutano ujao, kila mama alete vipande vyake vya kikwembe. Tutashona pamoja. Na mmoja alete yai na siki, watoto waone wenyewe.